Kipanya Kinachoburura kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Dalili, Chanzo na Dawa

Mshale ukianza kuburura kwenye skrini, lawama ya kwanza huangukia intaneti. Ruta huzimwa na kuwashwa, huzimwa tena na kuwashwa, na kipanya kinabaki na uzito wake uleule. Sababu ni kwamba mwendo wa kipanya hautoki nje ya nyumba. Kipanya cha kawaida cha USB huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde kimesogea wapi, yaani kila baada ya milisekunde 8, na jibu lake huishia kwenye prosesa na skrini iliyo mbele yako. Hata nyaya za intaneti za baharini zinazotua Mombasa, kama TEAMS, SEACOM na EASSy, zikikatika zote siku moja, mshale unapaswa kuteleza kama kawaida juu ya ukurasa usiofunguka.

Hata hivyo, mtandao wa nyumbani hauko huru kabisa na lawama. Unaweza kukifikia kipanya kwa njia tatu: hewani, pale mawimbi ya Wi-Fi yanapogongana na ya kipanya, ndani ya prosesa, pale draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao inapoishughulisha mashine kupita kiasi, na kwenye folda za mtandao zilizosahauliwa, ambazo kompyuta huendelea kuzitafuta hata kama hazipo tena. Kasi ya bando lako haimo kati ya hizo tatu. Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu mtoa huduma, anzia mezani.

Tazama kwanza ni nini kinachochelewa

Watu huita mambo tofauti kwa jina moja la "mausi ni nzito". Sogeza kipanya polepole kwa mzunguko, macho yako kwenye mshale, kisha bonyeza ikoni yoyote.

Mshale ukiruka-ruka, ukisita kisha ukatokea mbele, shida iko kwenye mawimbi, betri au sehemu kipanya kilipolala. Mshale ukiteleza vizuri lakini ukibonyeza hakuna kinachojibu kwa sekunde kadhaa, kipanya ni kizima. Kompyuta ndiyo inayosubiri kitu. Kila kitu kikiganda kwa pamoja, mshale, saa ya pembeni na hata muziki ukikwaruza, basi prosesa imekabwa. Na mshale ukiufuata mkono wako kwa kuchelewa kulekule wakati wote, bila kuruka, tazama skrini au tazama kama unaiendesha kompyuta nyingine kutoka mbali.

Kisha fanya majaribio mawili yatakayokuokolea saa nzima. La kwanza: chomeka kipanya cha waya, hata cha kuazima kwa jirani. Kwenye laptopu, kibao chake cha kugusa kinatosha. Cha waya kikienda vizuri, ugonjwa uko kwa kipanya kisicho na waya au hewani. Nacho kikiburura, wacha kuhangaika na kipanya, shughulikia mashine. La pili: zima Wi-Fi ya kompyuta kwa dakika tano huku ukiendelea kutumia kipanya. Usitumie hali ya ndegeni, kwa sababu hiyo huzima na Bluetooth, na kama kipanya chako ni cha Bluetooth utakuwa umekizima chenyewe. Zima Wi-Fi peke yake. Mshale ukipata nafuu papo hapo, umeshajua kwamba mtandao unahusika, na kilichobaki ni kujua kwa njia ipi.

Kipanya kisicho na waya kinachoruka

Anza na betri, maana ndiyo rahisi. Betri mpya ya AA ya alkali husoma kati ya volti 1.5 na 1.6 kwenye multimita. Ikishuka chini ya volti 1.1 imekwisha kazi, hata kama taa ya kipanya bado inawaka. Taa inaweza kuendelea kuwaka wakati redio imeanza kukosa umeme wa kutosha, kwa hiyo taa si ushahidi. Betri za kuchaji hufanya kazi kwa karibu volti 1.2, chini ya zile za alkali, na baadhi ya vipanya vitakuonyesha kwamba zimepungua wakati ziko sawa. Kipanya kikitumia betri mbili, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Ukiwa umefungua kifuniko, chunguza springi na vibati vinavyogusa betri. Pwani hapa sehemu hii hufa mapema kuliko bara. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na kipanya kilichokaa karibu na dirisha lililo wazi upande wa bahari, Nyali au Tudor au Likoni, hupata kutu ya kahawia kwenye springi hata bila kumwagikiwa na kitu. Ukoga mweupe unaofanana na chumvi ni jambo jingine: hiyo ni betri iliyovuja. Mguso mbovu hukata umeme kwa kitambo kidogo kila unapotikisa mkono, na kila ukikatika kipanya huanza upya kutafuta kipokezi chake. Ndiyo maana mshale husita zaidi unapousogeza kwa kasi.

Ukoga mweupe wa betri ya alkali huondoka kwa siki: chovya kijiti cha pamba, sugua, kisha futa kwa kijiti kingine chenye spiriti ya duka la dawa na uache kifuniko wazi dakika kumi na tano. Kutu nyepesi isugue kwa kifutio cha penseli. Usitumie msasa mkali. Springi nyingi zimepakwa nikeli juu ya chuma, na ukiikwangua hiyo nikeli kutu itarudi kwa nguvu zaidi. Kipanya kisichotumika kwa wiki kadhaa kitolewe betri.

Betri na vibati vikiwa sawa, geukia kipokezi, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye USB. Hapa ndipo penye chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote. Vipanya vingi visivyo na waya hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Matundu ya USB 3.0, mara nyingi yenye ulimi wa buluu ndani, pamoja na nyaya na diski zinazochomekwa humo, hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa hayohayo. Intel ilieleza jambo hili kwa vipimo mwaka 2012, na bado linawasumbua watu wanaonakili sinema kutoka kwenye diski ya nje: faili likianza kunakiliwa, mshale unaanza kuruka, likimalizika, mshale unapona. Ukiona mfuatano huo usitafute zaidi.

Dawa yake ni umbali. Hamishia kipokezi kwenye tundu la USB 2.0, lenye ulimi mweusi au mweupe, upande wa pili wa mashine. Bora zaidi, tumia waya wa kurefusha wa USB wa nusu mita hadi mita moja, uweke kipokezi juu ya meza, sentimita ishirini au thelathini tu kutoka kwa kipanya. Waya huu ni wa bei ndogo na maduka ya vifaa vya kompyuta Digo Road na Moi Avenue hayaukosi. Katika marekebisho yote ya vipanya vya redio, hakuna linalolipa kama hili. Kompyuta ya mezani iliyowekwa sakafuni na kipokezi kikiwa nyuma yake hulazimisha mawimbi kupita kwenye kasha la chuma na mbao za meza, na hata betri mpya haitaokoa hali hiyo.

Mashine za mezani za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, ambazo ndizo zilizojaa nyumbani kwetu, nyingi hazina Wi-Fi ndani. Mwenyewe hununua adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB na kuichomeka ubavuni mwa kipokezi cha kipanya. Sasa redio mbili za masafa mamoja zinapiga kelele zikiwa zimegusana, na ile ya Wi-Fi ina nguvu nyingi zaidi. Kila ukipakua kitu, kipanya kinanyamazishwa. Zitenganishe: adapta nyuma, kipokezi mbele kwenye waya wa kurefusha. Kama ruta iko chumba kimoja na kompyuta, njia ya kudumu ni kuvuta waya wa mtandao. Waya wa aina ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida urefu si tatizo, na adapta ya Wi-Fi unaitoa kabisa.

Ikiwa lazima ubaki na Wi-Fi, ihamishie kompyuta kwenye gigahezi 5 kama ruta na adapta zote zinaiweza. Ruta nyingi hutangaza majina mawili, moja likiishia na 5G. Hilo halina uhusiano na 5G ya simu. Gigahezi 5 hupenya kuta vibaya. Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale, kuta zilivyo nene, huenda isivuke hata chumba cha pili, na hapo waya hauna mbadala. Ukibaki kwenye gigahezi 2.4, ingia ndani ya ruta (anwani yake kwa kawaida ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1, imeandikwa kwenye kibandiko chini yake) uchague chaneli ya 1, 6 au 11. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Kwenye ghorofa zenye nyumba nyingi, pakua programu ya simu inayoonyesha ruta za jirani, uchague ile chaneli yenye watu wachache. Weka upana wa chaneli kuwa megahezi 20, si 40. Upana wa 40 unakula karibu nusu ya masafa yote na kuacha nafasi finyu kwa kipanya.

Kwa kipanya cha Bluetooth kwenye laptopu kuna jambo moja la ziada. Bluetooth na Wi-Fi mara nyingi ziko kwenye kadi moja na hugawana antena, zikipokezana. Upakuaji mzito kwenye gigahezi 2.4 huipunguzia Bluetooth zamu yake. Kuhamia gigahezi 5 huponya hili mara nyingi bila kugusa kitu kingine. Ikishindikana, sasisha draiva za Wi-Fi na Bluetooth pamoja kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu; ukisasisha moja ukaacha nyingine, zinaweza zisielewane.

Meza, kigae na mkeka

Jicho la kipanya hupiga picha za sehemu kilipolala, zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na kulinganisha picha na picha ili lijue umesogea wapi. Likikosa alama za kulinganisha, hubahatisha. Kioo na vigae vyeupe vinavyong'aa havina alama. Kitambaa cha plastiki cha mezani humeremeta, na maua yake makubwa hulichanganya jicho. Mkeka nao una matuta, na jicho limepangiwa umbali wa milimita moja au mbili tu, hivyo kila tuta ni mruko. Weka daftari au karatasi nyeupe ya kawaida chini ya kipanya kwa dakika moja. Kikipona, nunua padi ya kitambaa.

Geuza kipanya utazame tundu la jicho. Unywele mmoja uliolala ndani hufanya mshale utetemeke hata mkono ukiwa umetulia. Utoe kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, mate huacha doa kwenye lenzi. Na vile vipande vyembamba vya chini vinavyoteleza vikiisha au vikibanduka, kipanya huinama upande mmoja na umbali wa jicho huharibika.

Cha waya nacho kinaburura

Kama kinapotea kabisa na kurudi, na kompyuta inatoa ule mlio wa kifaa kuchomolewa, waya umekatika ndani, karibu kila mara pale unapoingilia kwenye kipanya. Upinde polepole hapo huku ukitazama mshale. Kwa kipanya cha bei ya chini kuunganisha waya hakulipi.

Kama kimechomekwa kwenye kigawanyio cha USB pamoja na diski ya nje, feni ya mezani na chaja ya simu, kitoe ukichomeke moja kwa moja kwenye mashine. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500, na kigawanyio kisicho na umeme wake hugawa hizohizo kwa vifaa vyote.

Kipanya kinachochelewa kwa nusu sekunde tu baada ya kuachwa kimetulia, kisha kikaenda vizuri, kimelazwa na Windows ili kuokoa umeme. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, fungua sehemu ya USB, na kwa kila "USB Root Hub" ondoa alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Fanya hivyo pia kwa kipokezi.

Mashine yenyewe imekabwa

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili kufungua Task Manager. Tazama safu tatu, prosesa, kumbukumbu na diski, na uisubiri dalili itokee ukiwa unatazama.

Diski ikiwa kwenye asilimia 100 na ni ile ya zamani inayozunguka, umeshapata mkosaji. Masasisho ya Windows, programu ya kuzuia virusi na ile inayonakili faili zako mtandaoni huanza kazi pamoja mara tu intaneti inapopatikana, na ndipo watu huapa kwamba mtandao ndio uliozuia kipanya. Mtandao uliziamsha tu programu hizo. Kubadilisha diski hiyo kwa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) hufanya mabadiliko makubwa kuliko kuongeza kitu kingine chochote. Kumbukumbu ikiwa gigabaiti 4 na kivinjari kimefungua kurasa ishirini, mashine itahamishia mzigo kwenye diski na kusita kuleule kutarudi, japo kwa SSD hutauhisi sana.

Prosesa ikiwa juu bila sababu, panga orodha kwa matumizi. Programu usiyoijua inayokula asilimia 80 hata ukiwa hufanyi kitu, hasa kwenye mashine iliyowekewa programu zilizodurufiwa kutoka flashi ya mtu, ishughulikie kama virusi: chomoa mtandao kwanza, kisha ikague.

Sasa tazama mstari ulioandikwa "System interrupts". Kwa kawaida hukaa chini ya asilimia 1 au 2. Ukipanda na kubaki juu kila unapopakua kitu, hiyo ndiyo ile njia ya pili ya mtandao. Kila kifurushi kikifika, kadi ya mtandao huikatiza prosesa ili kipokelewe, na draiva mbovu huishikilia prosesa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mshale hapo ni kama abiria wa kivuko cha Likoni anayesimamishwa kila gari la dharura linapopita: hana kosa, ila foleni si yake. Kuthibitisha, endesha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva zinazoichelewesha prosesa, ambayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, kwa dakika kumi huku ukipakua faili kubwa. Jina la ndis.sys (sehemu ya Windows inayoshughulikia mtandao) au la draiva ya Wi-Fi likikaa juu ya orodha, una uhakika. Weka draiva ya mtengenezaji wa kadi badala ya ile iliyoletwa na Windows. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudisha ile ya zamani kupitia devmgmt.msc. Adapta ya USB isiyo na jina ambayo draiva yake haipatikani popote haitengenezeki, badilisha.

Joto nalo ni la kuhesabiwa hapa kwetu. Kati ya Januari na Machi chumba kisicho na feni hupita nyuzi 30 bila taabu, na kompyuta iliyofungiwa kwenye kabati la meza huanza safari yake kutoka hapo. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni kwamba asubuhi kila kitu ni chepesi, na baada ya saa moja mshale unasita huku feni ikivuma. Fungua kasha umeme ukiwa umetolewa, safisha vumbi kwenye mapezi ya kipoza joto kwa brashi, ukiishika feni isizunguke. Pwani vumbi hushikana na chumvi na kuwa utandu, halitoki kwa kupuliza tu. Mashine ya miaka mingi huenda ikahitaji pesti mpya ya joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mbaazi.

Mshale unateleza, lakini kubonyeza hakujibiwi

Hii ndiyo njia ya tatu. Mtu aliunganisha folda ya kompyuta nyingine ya nyumbani, au printa ya mtandao, kisha ile kompyuta ikazimwa au ruta ikabadilishwa. Kila ukifungua dirisha la mafaili, Windows huitafuta na kungoja jibu, na ikoni ya mzunguko hukaa hapo kwa sekunde nyingi. Fungua dirisha la amri, andika net use, ubonyeze Enter. Herufi yoyote yenye folda isiyopatikana iondoe, kwa mfano: net use Z: /delete. Kisha futa njia za mkato zinazoelekea huko kwenye skrini, na printa zisizokuwepo. Hakuna haja ya kuweka Windows upya kwa jambo la amri moja, ingawa mafundi wengi hukimbilia huko.

Kuchelewa kwa usawa

Televisheni ikitumika kama skrini, washa hali yake ya michezo. Bila hiyo huchakata kila picha kabla ya kuionyesha. Angalia pia kwamba skrini iko kwenye hezi 60. Waya wa HDMI wa zamani kwenye televisheni ya 4K unaweza kuishusha hadi 30, na mshale huonekana kama unakatwa vipande. Kadi ya picha isiyo na draiva yake huleta uzito huohuo: ukiona "Microsoft Basic Display Adapter" kwenye devmgmt.msc, pakua draiva ya kweli.

Ukiiendesha kompyuta ya chumba kingine kutoka mbali, au ukitumia Mouse Without Borders kupitisha kipanya kimoja kwenye kompyuta mbili, hapo mtandao unabeba mwendo wa mkono wako kweli. Pima kwa ping ya anwani ya ile kompyuta nyingine. Ndani ya nyumba majibu yawe milisekunde chache. Yakiruka kutoka 3 hadi 200, Wi-Fi haifai kwa kazi hiyo. Ziunganishe zote mbili kwa waya kwenye ruta.

Kibao cha laptopu kinachorukaruka kwenye chaji

Ichomoe chaja. Kibao kikitulia, waya wa ardhi (earth) haufiki: ama chaja ina pini mbili, ama imepitia adapta inayoacha pini ya tatu nje, ama tundu la ukutani halina ardhi. Jaribu tundu jingine kwa waya wa pini tatu. Likileta utulivu, mwite fundi umeme apime lile la kwanza, kwa sababu ardhi iliyokosekana ni hatari ya mwili kabla haijawa kero ya mshale. Kubadilisha draiva za kibao hakutasaidia chochote hapo.